Kicheko Mbele ya Major

Mathe alikuwa bado anacheka.

Kwenu wasomaji imepita wiki nzima tangu sehemu iliyopita: mmelima, mmeuza, mmesali. Ndani ya salle, ukumbi ule wa mahakama ya Beni, ilikuwa imepita pumzi moja tu. Kapteni Maliro, mwendesha mashtaka wa tribunal ya kijeshi, alikuwa ametamka neno "kifo", na Mathe, aliyeshtakiwa kwa kumsaidia adui, akafungua mdomo, akacheka. Kicheko kizima, cha mabega na tumbo.

Mabenchi yote yakamgeukia.

"Unachekelea tribunal?" aliuliza Major Zorobabel, rais wa mahakama. Aliuliza kwa upole, na upole wa Major ulijulikana kutoka Beni mpaka Kasindi. Ulipokuja, watu walitafuta mlango.

"Hapana, mon Major," Mathe alijibu, akacheka zaidi.

Maître Séphora Kanyere, mtetezi wake, hakugeuza hata shingo. Ndani aliungua, nje alikuwa ukuta. Miaka kumi na miwili ya kazi ilikuwa imemwonyesha jambo moja: wakili mwanaume akilia mbele ya majaji, watu husema ana moyo, mwanamke akilia, husema ameshindwa. Basi aliufundisha uso wake kukaa kimya, na Butembo nzima ilimfuata kwa ajili ya uso ule.

Siku tatu alikuwa amekaa na Mathe ndani ya cachot, chumba cha wafungwa, akimwandaa. Mikono juu ya magoti, isishikane, maana mikono iliyoshikana huonekana inaficha kitu. Macho kwenye kifungo cha pili cha koti la Major. Pumua kabla ya kujibu. Jibu unaloulizwa, usiongeze hata neno. Mathe alishika yote kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Ila Séphora alisahau kitu kimoja: siku zote tatu hakumtisha hata mara moja. Hivyo hakukijua kicheko.

"Président," alisema, "naomba dakika kumi. Mteja wangu ni mugonjwa."

"Mugonjwa? Iko na afya kunipita mie!" alisema Kapteni Maliro.

Salle ikacheka. Mathe hakucheka. Séphora akaliona hilo, akaliweka moyoni.

Major alitazama saa yake. "Kumi. Akirudia na meno inje, nakata mambo bila kumusikiliza."

Nyuma ya jengo, karibu na tanki la maji, ukuta wa Séphora ulianguka.

"Unanichezea, Mathe? Ule mutu anaweza kukuua leo!"

Mathe akacheka.

"Tena!"

"Maître, hapana mie! Ni mudomo. Mudomo njo inacheka. Mie ndani nakufa."

Agar, mke wake, alikuwa amekuja mbio na chupa ya maji. "Ni kweli, Maître. Siku ya ndoa yetu alicheka mpaka padri akafunga kitabu. Wakati walizika baba yake, bashangazi walimufukuza kwa kaburi na fimbo. Hata siku basoda balikuya na bunduki kumukamata, alicheka. Njo maana balimupiga vile."

"Na hamukuniambia?"

"Haukuuliza," alisema Mathe kwa unyenyekevu. "Ulisema nijibu tu ile naulizwa."

Séphora alifunga macho kidogo. Kisha akauliza polepole: "Ukiwa na woga, mutu akisema kitu cha kuchekesha kweli, unacheka?"

"Wapi! Naisikia kama kinanda iliyovunjika."

"Bon," alisema Séphora. "Turudi ndani."

Kapteni Maliro alikuwa amejiandaa pia. Hawajakaa vizuri, yeye tayari yuko wima.

"Président, nitasema kwa nini anacheka. Mutu mwenye kungojea kufa analia. Mwenye kujua ndugu zake beko njiani kuya kumutoa, ule njo anacheka!"

Hapo salle ikasikia baridi. Ulikuwa mwaka wa tatu wa vita, na habari ya adui kukaribia haikuhitaji ushahidi mwingi. Watu wawili karibu na mlango walitoka kimya kimya, kama wanaoenda kukojoa.

Kapteni aliinua daftari. Kila asomaye hapa anakumbuka zile phonie: nyumba ndogo yenye redio na waya mrefu juu ya bati, ambamo wafanyabiashara wa Butembo waliongea na Kasindi na Kampala. Mathe alikuwa na phonie yake karibu na uwanja wa ndege wa Rughenda. Kila ujumbe aliuandika: nani anatuma, kwa nani, maneno gani.

Kapteni akasoma: "'Kwa Kasindi. Tuma mbuzi tatu nyeupe. Lupango itakuwa wazi Jumanne.' Na fasi ya jina la mwenye kutuma, hakuna kitu! Nani anaagiza mbuzi bila jina? Hizi mbuzi ni basoda ya adui, lupango ya kufungia mbuzi ni Beni, na Jumanne ni kesho!"

Séphora alisimama, akavuta robe yake, joho la wakili, taratibu. Alitaka waone kwamba hana haraka.

"Président, karani atusomee zingine za daftari hiyo. Yoyote."

Syauswa, karani mzee wa miwani, alifungua katikati.

"'Kwa Kasindi. Pasteur anauliza suruali yake. Bibi ya pasteur anauliza pia.'"

Kicheko kimoja kilitoka benchi la nyuma.

"'Kwa Kampala. Murudishe mama mukwe. Tulisema wiki mbili.'"

Vikawa ishirini.

"'Kwa Kasindi. Ngombe amezaa. Shangazi naye amezaa. Mutume sabuni.'"

Salle ikapasuka. Askari wa mlangoni waliegemea bunduki zao. Kapteni Maliro alijiuma mdomo, na Syauswa ilibidi avue miwani apanguse macho. Katikati ya vurugu hiyo Mathe alikaa mkavu, macho yameganda, kama mtu anayesikiliza bei ya mbao.

"Président, mumuangalie!" alisema Séphora. "Bote banacheka, yeye hapana."

Halafu, bila kuonya mtu, aligeuka na kupiga meza kwa kiganja.

"Mathe! Kesho asubuhi batakupiga risasi!"

Mathe alilipuka. Alicheka mpaka benchi likalia, alicheka machozi yakimtiririka mashavuni, mikono ikiwa bado juu ya magoti palepale alipofundishwa kuiweka. Hakuna mwingine aliyecheka. Agar alijifunika uso kwa kitenge chake.

"Huyu," alisema Séphora kwa sauti ndogo, "njo namna analia."

"Ee Mungu wangu," alisema mwanamke mmoja. Hata Kapteni, aliyerudishiwa daftari na karani, alilishusha.

Séphora aliuonja ushindi. Alimgeukia Major ili apime umbali uliobaki, na hapo ndipo alipoona kitu kingine.

Major hakuwa anamtazama Mathe. Alitazama daftari. Kidole gumba cha mkono wa kushoto alikuwa amekificha ndani ya ngumi, na ngumi yenyewe aliibana juu ya meza.

Séphora alikuwa ameona majaji wa kila namna. Aliyeguswa humtazama mtu. Aliyechoka hutazama dirisha. Huyu alilitazama daftari kama mtu atazamavyo mbwa aliyefunguliwa. Tena akakumbuka kwamba tangu asubuhi macho ya Mathe hayakutulia kwenye kifungo cha pili: yalipanda mpaka usoni kwa Major, yakakimbia, yakapanda tena.

Aliinama kama anayemrekebishia Mathe ukosi wa shati. Akamuuliza kwa Kinande, lugha yao ya nyumbani, sikioni, kama yule mtu wa koti la kiraia, aliyeleta ujumbe wa mbuzi, yumo ndani ya salle hii.

Mathe akacheka.

Basi ndiye! Hakimu ndiye mwenye mbuzi!

Séphora alinyooka, uso wake hauna habari, akili inakimbia. Kwa nini Major mzima aende mpaka Butembo, avae koti la kiraia, aagize mbuzi watatu weupe bila jina? Macho yake yakaangukia benchi la mbele. Mama Hulda, mke wa Major, mama wa watoto sita, alikuwa amekaa pale katika kitenge kilichopigwa pasi vizuri.

Mbuzi. Weupe. Bila jina. Séphora alikuwa ametetea ndoa nyingi kabla ya vita kumletea wateja wengine. Ilibaki kidogo tu atabasamu. Mahari! Mzee anaoa mke wa pili kule Kasindi, na anaona haya.

"Président," alisema, "mie sitaki kujua nani alituma hizi mbuzi."

Ngumi ya Major ilitulia.

"Mutu muzima, mwenye heshima, anaweza kutafuta mbuzi bila jirani kujua. Ni mambo ya nyumba yake. Labda ni mambo ya furaha. Tribunal ya vita haiko na kazi katika furaha ya batu."

Alisema bila kupepesa. Kidole gumba cha Major kilitoka ndani ya ngumi, kama konokono mvua ikinyesha.

Lakini Kapteni Maliro, maskini, hakuwa mtu wa kusoma vidole. Aliruka.

"Mais non! Président, naomba tuahirishe! Nitaenda Kasindi mie mwenyewe, nitakamata mwenye kupokea mbuzi, atataja jina!"

"Kapteni, ikala chini."

"Mon Major, adui..."

"Ikala, nimesema!"

Na Major akakata shauri palepale kitini, bila hata kuwanong'oneza majaji wenzake wawili. Mbuzi ni mbuzi. Hakuna ushahidi. Mshtakiwa yuko huru, dossier imefungwa, na atakayeifungua atajibu kwake. Kapteni alibaki wima na daftari mkononi, salle ikimcheka. Séphora alimtazama, na siwafichi wasomaji, alifurahia.

Major alizidi kuwa mwema. "Maître, njia ya Butembo ni mubaya hizi siku. Mupande jeep yangu."

"Wasingya, mon Major, wasingya!" alishukuru Agar kwa Kinande, akipiga makofi.

Dereva alikuwa askari mnene wa makamo, aliyeongea Lingala tu na Kiswahili kidogo. Séphora alikaa nyuma na Agar na Mathe, akavua robe, akaikunja magotini. Kwa mara ya kwanza siku ile aliruhusu uso wake kucheza. Kwa Kinande aliwaeleza yote: kidole gumba, Mama Hulda, mbuzi wa mahari. Agar alicheka mpaka akashika mbavu.

Mathe hakucheka. "Maître, hapana bibi."

"Namna gani?"

"Jibu haikusema vile."

"Jibu gani?"

"Kasindi walijibu palepale. Ule mutu alinikataza kuandika." Mathe alitazama kisogo cha dereva. "Walisema kila mbuzi itabeba basoda makumi ine. Walisema lupango ifunguliwe saa kumi na moja ya asubuhi."

Agar aliacha kucheka.

Kapteni alikuwa amesema kweli! Mbuzi watatu ni kamyo tatu, malori ya askari. Yule mtu aliyemfanya kichekesho mbele ya Beni nzima alikuwa amesema kweli kila neno, na yeye, Séphora, mwenye kusoma nyuso, alikuwa ameona hofu ya msaliti akaiita haya ya bwana harusi.

"Ju ya nini haukusema mbele ya tribunal?"

"Tribunal?" Mathe alimtazama kwa huruma. "Yeye njo tribunal, Maître."

Wakati huo jeep ilifika rond-point, mzunguko wa barabara. Haikushika njia ya Butembo. Ilishika ya Kasindi.

"Chauffeur," alisema Séphora, "Butembo si huku."

"Likambo te, Mama," dereva alijibu. "Hakuna neno. Major alisema tupite huku kidogo." Bastola yake ilikuwa imelala juu ya paja, na macho yake yalikuwa kwenye kioo.

Séphora akakipa kioo ukuta wake. Kwa Kinande, kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa, aliwaambia wenzake watulize nyuso zao, na Agar aimbe wimbo wa kanisa. Agar akaimba, sauti ikikatika.

Mwisho wa mji palikuwa na barrière: kamba, mapipa mawili, askari watatu. Na pale, kwenye jua, akisubiri lori lolote la kumfikisha Kasindi kwa amri yake mwenyewe, alisimama Kapteni Maliro.

Alikaribia dirisha. "Maître! Umeshinda, sasa unaenda kunywa Kasindi?"

"Ordre ya Major," alisema dereva, mkono ukiteremka pajani.

Kusema neno ilikuwa kufa. Séphora aliinua macho, akamwomba Kapteni kwa yote aliyo nayo. Lakini uso uliokatazwa kusema kwa miaka kumi na miwili haukujua pa kuanzia. Kapteni aliona kilekile alichokiona asubuhi: kiburi.

"Kamba juu," aliamuru kwa uchungu.

Kamba ikaanza kupanda. Hapo Maître Séphora akavunjika. Machozi yalikuja yenyewe, na kamasi, na mdomo uliopinda kama wa mtoto aliyeachwa sokoni. Askari wakashangaa.

"Sasa analia nini?" aliuliza Kapteni.

"Furaha, mon capitaine," alisema dereva.

Na Mathe akacheka.

Kapteni Maliro alimtazama. Alitazama machozi ya mmoja na kicheko cha mwingine. Somo lile alikuwa amelipata asubuhi hiyohiyo, mbele ya watu wote, kwa aibu kubwa, kwa hiyo hakuwa amelisahau.

"Kamba chini!" alipiga kelele, na bastola yake ilikuwa sikioni kwa dereva kabla mkono wa huyo haujaikamata ile ya pajani. "Mushuke. Bote."

Mathe akamweleza jibu la Kasindi, na Jumatatu hiyo, kabla jua halijazama, Major Zorobabel alikamatwa mezani kwake, ugali mkononi. Mama Hulda hakulia, hakuuliza. Aliondoa sahani tu. Asubuhi ya Jumanne kamyo tatu nyeupe zilifika karibu na mji, zikakuta barrière imejaa askari, zikageuza. Hakuna risasi iliyopigwa. Beni waliamka, wakachota maji, wakaenda sokoni.

Saa sita mchana Séphora alikuwa katika nyumba ya masista, mtaa wa Beu, akifunga begi lake. Mathe na Agar walikuwa wamekwisha kuondoka na lori la viazi. Kapteni Maliro aligonga, akaingia, akavua kofia.

"Kapteni, jana nilikufanya kichekesho mbele ya batu. Unisamehe."

"Ulifanya kazi yako." Hakukaa. "Siku ya ine, Alhamisi, tribunal itaikala, na président mupya. Mie nitashtaki. Naomba kifo."

"Ni haki yako."

"Donc mushtakiwa lazima apate mutetezi. Ni sheria. Na anachagua mwenyewe." Aliweka karatasi juu ya begi.

Ulikuwa mstari mmoja, mwandiko mzuri wa mtu aliyesomeshwa na mapadri. Lilikuwa jina lake, herufi zote mahali pake: Maître Séphora Kanyere.

Alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Alitutuma tukafe, sasa ananitaka mie?"

"Niliuliza vile vile. Alisema salle yote ilimuona Major. Wewe tu ulimuangalia, ukaona mutu mwenye kuoa." Kapteni aligeuza kofia mikononi. "Unaweza kukataa, Maître. Ukikataa, hakuna mwingine Beni mwenye kuthubutu. Batamukatia hukumu peke yake, asubuhi moja, imeisha. Eko inje, ndani ya jeep. Anangoja jibu."

Séphora alikwenda dirishani, akasogeza pazia.

Major Zorobabel alikuwa ameketi nyuma ya jeep, mikono imefungwa, kofia hana. Alihisi anatazamwa, akainua kichwa. Alikuwa analia. Machozi makubwa, ya polepole, na wala hakujaribu kuyaficha.

Séphora aliyatazama kwa muda mrefu. Alitazama mabega, vidole, pembe za mdomo, kila mahali anapojua kutazama. Kisha akamgeukia Kapteni, uso umempauka.

"Sijui," alisema. "Kapteni, sijui kama ni ya kweli."

"Na jibu?"

Séphora akachukua kalamu, akatia sahihi chini ya jina lake.